Vumbi la Ndani ya Kasha

Shangazi alinipigia simu wakati nafunga duka, jua limeshaanza kuzama nyuma ya mabati ya majirani. Aliongea kwa sauti ya chini.

"Mwanangu, njoo uitazame kompyuta ya binamu yako. Inazima na kujiwasha yenyewe."

"Nitapita kesho asubuhi, Shangazi."

"Kesho ni mbali."

Mimi ni fundi kompyuta, tena wa kike. Kwenye ukoo wananiita Bisibisi, na jina lenyewe silichukii. Kazi hii imenifundisha kwamba mashine haina shetani. Ina vumbi, ina joto, ina waya mbovu, na ina mwenyewe anayeapa kwamba hajagusa kitu. Nikabeba mkoba wangu wa vifaa, nikaenda jioni ileile, tena kwa kunung'unika njia nzima.

Shangazi alifungua mlango kabla sijabisha.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Ingia upesi."

Ndani kulikuwa na harufu ya nywele zilizoungua. Nikamuuliza ameunguza nini. Akasema hajaunguza kitu, akatangulia chumbani.

Binamu yangu, binti wa Shangazi, alikuwa amelala kitandani, chali, macho nusu wazi, midomo imekauka. Kompyuta yake ilikuwa juu ya meza kando ya kitanda, kasha lake kubwa jeusi limesimama karibu na kichwa chake. Hiyo ndiyo ofisi yake. Hapo ndipo anapochora kadi za harusi za watu, na hapo ndipo huwa ananicheka mpaka anashika tumbo, maana ni yeye peke yake duniani anayeona vichekesho vyangu vinachekesha. Nampenda kwa hilo na kwa mengine mengi. Sikupenda nilivyomkuta.

"Anaumwa nini?"

"Hospitali wamempima kila kitu. Hawakuona ugonjwa."

Nilitaka kuuliza zaidi.

Tak.

Kompyuta ilizima. Feni ikapunguza mwendo, ikasimama. Chumba kikawa kimya... kimya mno. Ilinichukua muda kuelewa kwa nini ukimya ule ulinitisha. Kulikuwa na sauti nyingine iliyokatika pamoja na feni.

Kifua cha binamu yangu hakikuwa kinapanda wala kushuka.

Pii! Mashine ikawaka yenyewe. Feni ikaanza kuzunguka, na binamu yangu akavuta pumzi kwa nguvu, kama mtu aliyeibuka kutoka majini.

"Umeona?" Shangazi akanong'ona.

"Nimeona nini?" Nilikuwa nimeona. Nilitaka tu mtu aniambie kwamba sikuona.

"Ikizima, naye anazima. Na sasa inakawia kuwaka."

Sikukubali kirahisi. Nikaweka kiganja chini ya pua yake, nikasubiri. Pumzi ilikuwa vuguvugu, inakuja, inakwenda. Halafu... tak. Kiganja changu kikabaki na baridi. Nikasubiri. Nikasubiri tena. Nilianza kumpigapiga mashavu, naita jina lake, machozi yananitoka bila ruhusa. Pii! Pumzi ikarudi.

"Tumbebe, tumtoe humu ndani!"

"Nilishajaribu. Nilifika naye mlangoni tu, ikazima. Haikuwaka mpaka nilipomrudisha kitandani."

Fundi yeyote anajua pa kuanzia. Kabla hujagusa kitu, chomoa waya wa umeme ukutani. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye soketi. Shangazi akanidaka kifundo cha mkono, akanibana mpaka nikaumia.

"Huo ukiuchomoa, yeye utamwasha na nini?"

Nikauacha waya. Nikalifungua kasha mashine ikiwa bado inawaka, jambo ambalo ningemchapa makofi mwanafunzi wangu kwa kulifanya. Nikauliza swali ninalomuuliza kila mteja:

"Nani aliifungua kabla yangu?"

"Hakuna."

Skrubu zilikuwa zimekwanguliwa, na moja haikuwepo. Lakini wateja wote husema uongo hapo. Yupo aliyeimwagia uji, yupo aliyemwita shemeji yake mjuaji, na wote watakuambia hakuna. Sikumbana. Ningembana, pengine leo ningekuwa naandika mambo mengine.

Nikaondoa ubavu wa kasha, nikamulika kwa simu.

Nilicheka kwa sauti. Ile feni ndogo inayopoza moyo wa mashine ilikuwa imezibwa na vumbi la kijivu, zito, limejaa mpaka kwenye bati za kupozea. Feni ilikuwa inazunguka kwa taabu.

"Shangazi, ni vumbi! Joto likizidi, mashine inajizima isiungue. Hakuna kingine. Ikipoa haitazima tena."

"Haitazima tena?" aliuliza. Uso wake haukuonyesha furaha. Sikuujali, maana furaha yangu ilitosha kwa watu wawili.

Brashi sikuthubutu kuipeleka mle ndani umeme ukiwa unapita. Nikafanya kile ambacho mafundi wote hufanya na wote hukikataza. Nikainama, nikajaza kifua, nikapuliza.

"Usi..."

Alichelewa.

Vumbi lilipanda kama ukungu, likatanda juu ya kitanda. Lilinishika kwenye midomo, lina mafuta, chungu. Ile harufu ya nywele zilizoungua ikanijaa kooni.

Halikuwa vumbi.

Yalikuwa majivu.

Feni ilizunguka vizuri, kwa sauti nyororo. Tukangoja. Mashine haikuzima. Kifua cha binamu yangu kilipanda, kikashuka, kikapanda. Nikamgeukia Shangazi nimpe pole na hongera kwa pamoja, nikamkuta amepiga magoti sakafuni, anayakusanya majivu kwa viganja, na kila alipoyakusanya yaliruka.

"Umepuliza," alisema.

"Kila fundi anapuliza, Shangazi. Ni nini hiki?"

"Nilikatazwa kumwambia mtu."

Mficha maradhi, kilio humfichua. Akanieleza akiwa palepale chini, hanitazami. Binti yake alianza kuongea na mtu mbele ya ile mashine. Spika zilikuwa zimezimwa. Mwanzo alikuwa anaongea na kujibiwa. Baadaye alikuwa anauliza mwenyewe na kujibu mwenyewe, kwa sauti mbili. Shangazi akamleta mganga. Mganga akamkata binti nywele za kisogoni, akazichoma pamoja na dawa zake, akafungua kasha, akayaweka majivu mle ndani. Akasema: hicho kinachotaka kukaa ndani ya mtoto, kila kitakapojaribu, majivu yatakitoa. Atakata pumzi kidogo. Lakini atakayerudi atakuwa ni yeye.

"Kwa hiyo kule kuzima..."

"Ndiko kulikokuwa kunamwokoa."

"Sasa mimi uliniitia nini?"

"Pumzi zilikuwa zinakawia kurudi, mwanangu. Nilitaka iwake haraka tu. Sikutaka uiponye."

Kitanda kililia.

Binamu yangu alikuwa ameketi. Nywele zimekaa vizuri, uso umetulia. Alitutazama kwa zamu, mimi, kisha mama yake, bila kupepesa.

"Mama," alisema kwa upole, "njaa inaniuma."

Ilikuwa sauti yake kabisa, na hilo ndilo lililonivunja nguvu. Shangazi hakugeuka. Alinivuta nguo, akaninong'oneza: "Iharibu. Iharibu tena kama ilivyokuwa."

Nikabana kitufe cha kuzimia, nikakishikilia. Mashine ikaendelea. Nikachomoa waya ukutani. Feni ikaendelea kuzunguka, waya uko mkononi mwangu. Nikang'oa kila kilichong'oka mle ndani, nikakata nyaya kwa meno ya koleo, nikajikata kidole. Nikachota majivu kidogo yaliyobaki sakafuni, nikayarudisha penye feni. Feni ikayatupa nje. Kioo cha kompyuta kilibaki kinang'aa, na nilikuwa nalia sasa, sijifichi.

"Usijisumbue, dada," alisema nyuma yangu. "Umeitengeneza vizuri."

Mimi na binamu yangu tumezaliwa mwaka mmoja. Hajawahi kuniita dada.

Sasa hivi ni mzima. Anakula, anafua, amerudi kuchora kadi zake. Majirani wamesikia kwamba Bisibisi aliitengeneza kompyuta na siku hiyohiyo binti akainuka, wanatania kwamba nafungua hospitali. Wateja wameongezeka. Mimi nakohoa tu, kikohozi kikavu, na dawa za dukani hazikisaidii. Nimemtafuta yule mganga. Alishahama, na aliyenielekeza kwake alinishauri nisimfuate.

Nilipita kwa Shangazi jana, jioni. Hakunikaribisha ndani. Alitoka, akarudishia mlango nyuma yake, tukasimama kizingitini. Amekonda. Kutoka chumbani ilisikika ile feni.

"Anaendeleaje?" nikauliza.

"Akilala naenda kumsikiliza. Naweka sikio kifuani kwake."

"Moyo unapiga?"

"Unapiga."

"Na pumzi anavuta?"

Akatazama mlango, kisha akanisogelea.

"Anavuta," akanong'ona, "nikiwa namwangalia."

Ndani mtu alicheka, kile kicheko cha kushika tumbo nilichokuwa nakipenda. Hakuna aliyekuwa amesema cha kuchekesha.

"Mama? Unaongea na nani hapo nje?"

Shangazi alijifuta macho, akaulainisha uso wake.

"Na mtu tu, mwanangu. Nakuja," akaitikia, akaingia.