Pigo la Nne

Watoto walimwita Mwalimu Makofi, na jina likamkaa. Aliwafundisha mapigo ya muziki kwa viganja: moja, mbili, tatu, halafu la nne kimya, mikono wazi, pumzi imebanwa. Mtoto akijua kunyamaza mahali pake, alipenda kusema, keshajua muziki. Kila darasa aliliaga kwa maneno yale yale: "Mkafanye na nyumbani."

Asubuhi hiyo, kwenye kile kimya, kofi lililia.

"Nani huyo?"

Darasa zima lilikuwa limeinua mikono. "Siyo sisi," alisema binti yake mwenyewe, aliyekaa dawati la mbele. "Limepigwa hapa." Akaonyesha shavu lake. Alama ya vidole virefu mno ilikuwa inavimba.

Mwenye akili angefunga kipindi. Yeye mbishi, akaanzisha upya ili amnase mtundu. Moja, mbili, tatu. Ikaja harufu ya nywele zinazoungua, vioo vya madirisha vikapasuka, na binti akanyakuliwa dawatini kama nguo inayoanuliwa kambani, akabamizwa ukutani, akabamizwa tena, na wenzake, ambao hofu ilikuwa imewateka mikono wasiweze kuacha, wakaendelea kupiga, moja, mbili, tatu, na kila walipofika kwenye kimya kichwa chake kiligonga ukuta, mpaka chokaa ikawa nyekundu na baba yake akawarukia watoto wa watu, akiwatenganisha viganja kwa nguvu huku akilia.

Hospitalini walimshona, wakamrudisha nyumbani. Jioni akaja shangazi wa mwalimu, ambaye kazi yake ni uganga. Alimtazama mtoto kitandani, akafunga mlango.

"Mwanangu, uliacha mahali patupu, jini likapafanya pake," alinong'ona. "Safari hii pajaze mwenyewe. Usiliachie."

"Nikichelewa?"

"Atakufa."

Mwalimu aligonga chuma cha kitanda. Moja, mbili, tatu. Kabla ya la nne, kitu kilimkamata mkono, kikamkunja vidole kwa nyuma, kimoja kimoja, akavisikia vikivunjika kama kuni kavu. Akapiga la nne kwa paji la uso. Damu ikamjaa machoni. Kitu kikapiga yowe, mlango ukang'oka bawabani, harufu ikakatika.

Binti alifumbua macho. "Limeondoka, baba?"

"Limeondoka, mama." Alilia kwa furaha, wala hakuona haya.

"Hebu nyamazeni," alisema shangazi.

Nyumba ya pili, mtoto alikuwa anagonga ndoo. Moja, mbili, tatu. Ng'ambo ya barabara mwingine alishika sufuria.

"Hao ni wa darasa la kwanza," alisema binti. "Si uliwaambia wakafanye na nyumbani?"

Mwalimu alitoka mbio, vidole vinaning'inia, akiwapigia kelele waache. Hajafika getini, ndoo ikanyamaza, na ukuta wa jirani ukagongwa kwa kishindo.