Alhamisi za Volker

"Miwani utaiacha kabatini, bwana," alisema mzee wa mapokezi.

"Bila miwani sioni hata mkono wangu."

"Humo ni nyuzi tisini. Fremu ya chuma itakuunguza pua. Na kwani umekuja kusoma gazeti?"

Henning hakucheka. Alipokea taulo, kandambili na ufunguo wa kabati wenye mkanda wa mpira wa kuvaa mkononi, namba 117, akaenda kuvua nguo. Fundi saa wa miaka hamsini na minne, mtu mzima na heshima zake pale Cologne, amekuja sauna ya mashoga saa tisa mchana kumfumania mumewe.

Saa moja kabla ya hapo simu ya nyumbani ililia.

"Nazungumza na Bwana Volker?"

"Mimi ni mumewe. Kuna nini?"

"Tunapiga kutoka kliniki ya mazoezi. Tulitaka kujua kama bado anaihitaji nafasi yake ya Alhamisi. Hajaja wiki sita sasa."

Na kwenye simu yake ya mkononi kulikuwa na ujumbe wa Volker, wa dakika kumi tu nyuma: "Niko mazoezini. Nitachelewa kidogo. Supu ya dengu iko frijini, ipashe. Nakupenda."

Henning alikwenda kwenye kapu la nguo chafu, akatoa taulo la Alhamisi iliyopita, akalinusa. Mkaratusi. Harufu hiyo hakuhitaji kuuliza. Miaka kumi na tisa iliyopita alikutana na Volker kwenye sauna hiyohiyo, benchi la juu, pembeni, na Volker alikuwa ananukia hivyohivyo.

Kilichomuuma si sauna. Miezi tisa sasa, tangu Volker akatwe utumbo na kuwekewa mfuko wa choo ubavuni, Henning hajamwona bila fulana. Volker analala chumba cha wageni. Akiingia bafuni anafunga komeo, ka! Henning amevumilia, akisema mgonjwa habanwi. Kumbe mgonjwa anavua nguo mbele ya mji mzima.

Ndani ya sauna kulikuwa na giza na joto la kukata pumzi. Wanaume kama ishirini walikaa juu ya mataulo yao wakimsubiri fundi wa mvuke, yule anayemwaga maji ya mkaratusi kwenye mawe na kupepea joto kwa taulo. Henning aliona mawingu tu. Akapapasa hadi benchi la juu, pembeni. Palikuwa na mtu mnene, kipara kinang'aa kama cha Volker. Nani mwingine akae pale?

Akaketi karibu yake.

"Haya, nimekuja," alisema. "Usijifanye hunioni."

Yule mtu alijivuta kando kidogo.

"Wiki sita unanidanganya! Mimi nakupikia, nakuoshea nguo, nasimama nje ya mlango wa bafu nasikiliza kama umeanguka. Mumeo sistahili kukuona, ila hawa wanastahili? Nimekukosea nini? Kama umenichoka, sema nijue moja. Mimi sitaki mwili wako wa zamani. Nakutaka wewe, mjinga wewe, hata kama wamekutoa matumbo yote!"

Mabenchi yalilia, watu wakigeuka.

"Kaka," yule mtu alisema kwa upole, "mimi naitwa Lothar. Matumbo yangu yote ninayo. Nimekuja kutafuta mchumba, sikuja kutukanwa."

Mtu mmoja akacheka. Mwingine akamwambia anyamaze. Kisha kutoka benchi la chini, karibu kabisa na miguu ya Henning, ikaja sauti anayoijua kuliko saa zote alizopata kuzifungua.

"Henning. Niko hapa."

Kabla hajajibu, mlango ulifunguliwa. Fundi wa mvuke akaingia na ndoo.

"Mabwana, mlango unafungwa. Anayetaka kutoka atoke sasa, kuingia tena hakuna. Na kama kawaida, kimya."

Hakutoka mtu. Maji yalilia juu ya mawe, joto likashuka kwenye mabega, taulo likapepea. Dakika kumi na mbili Henning alikaa na aibu yake, jasho na machozi vikichanganyika, asijue kama huko chini anachekwa au anachukiwa. Mara akahisi mkono umeshika kifundo cha mguu wake. Haukuachia mpaka mlango ulipofunguliwa.

Walikwenda kukaa chumba cha kupumzikia. Volker alikuwa amejizungushia taulo mpaka kifuani.

"Umeniaibisha," alisema.

"Najua."

"Sijalala na mtu yeyote humu, Henning."

"Sikuulizi hilo. Nauliza kwa nini wao."

Volker alilikaza taulo kifuani.

"Kwa sababu hawanijui. Siku ya kwanza walitazama mfuko. Siku ya pili hakuna aliyegeuka. Lakini wewe unanijua nilivyokuwa. Ukinitazama utamtafuta yule, na utakapomkosa, nitaiona sura yako. Hiyo ndiyo siiwezi."

"Kwa hiyo umenihukumu kabla sijafungua macho."

"Niliogopa, mpenzi wangu. Niliogopa sana."

Henning alinyoosha mkono, akapapasa hewa, akaupata uso wa Volker. Ulikuwa umelowa.

"Hata sasa sikuoni," alisema. "Wewe ni wingu tu."

Volker alimtazama. Kisha akamvua ule ufunguo wa kabati mkononi, akainuka akaondoka. Henning akadhani ndiyo basi tena.

Alirudi na miwani. Akaifuta kwa ncha ya taulo, akamvalisha yeye mwenyewe, akarudi nyuma hatua moja. Akafungua taulo.

"Haya. Tazama."

Henning alitazama kama anavyotazama saa ya mteja, bila haraka. Kovu refu. Ngozi iliyolegea. Mfuko mdogo wa rangi ya ngozi.

"Unaona nini?" Volker aliuliza.

"Naona umekonda. Na kona hii ya plasta umeibandika upande, ndiyo maana usiku nakusikia ukijikuna. Kesho nitakubandikia mimi, nina mkono wa kazi ndogondogo."

Volker akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, Henning akamkumbatia palepale, mfuko ukiwa katikati yao.

Lothar alipita na kikombe chake cha chai.

"Huyu ndiye mwenyewe?" akauliza.

"Ndiye."

"Afadhali. Na mie niombeeni."

Jioni ile nyumbani walikula supu ya dengu. Volker akaenda bafuni kuoga. Henning alisimama koridoni, kama kila siku, akisubiri ule mlio wa komeo.

Haukuja.

"Henning!" Volker aliita. "Unasimama huko unangoja nini? Lete plasta."