Shawa ya Babu Mohamedali

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Tazmin alimpelekea babu yake chai ya maziwa chumbani. Mara nyingi ilimbidi asubiri koridoni, kwa sababu baba yake, Shamil, alikuwa bado anamwogesha babu. Tangu Babu Mohamedali apooze mkono wa kushoto, hakuweza tena kuuvuka ukingo wa bafu la zamani peke yake. Babu alipotoka alitazama chini, na Shamil naye alijifanya ana haraka ya kwenda kazini.

Ndiyo maana majira hayo ya baridi familia iliamua kumjengea babu shawa mpya katika ghorofa ya chini ya nyumba yao, pale Unionville, ughaibuni. Isingekuwa na kizingiti, na ukutani pangewekwa chuma cha kushikia. Mafundi walitandaza mabomba na kupaka ukuta dawa ya kuzuia maji. Kazi ya vigae aliichukua mama yake Tazmin, Nazlin, ambaye ndiye aliyebandika vile vya jikoni.

"Siku nitakayooga mwenyewe," babu alimwambia Tazmin, "nitajiona mtu tena."

Jumamosi Nazlin alimwonyesha binti yake kazi. Alipaka gundi ukutani, akaichana kwa mwiko wenye meno, kisha akakikandamiza kigae huku akikisogezasogeza.

"Gundi ienee nyuma nzima, mpaka kwenye pembe," alisema. Walipomaliza mistari ya chini, simu ikalia. Alihitajika kwenye duka la dawa alikofanya kazi. "Nitarudi jioni tuendelee. Usianze peke yako, mwanangu."

Tazmin aliitikia kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Lakini mama alipoondoka, alianza kuwaza jinsi babu atakavyofurahi akikuta ukuta umekamilika. Akakoroga gundi. Alipojaribu kuipaka ukutani, ilimdondokea miguuni. Akaona ni rahisi zaidi kuweka donge moja katikati ya kila kigae na kukibandika. Kazi ikaenda mbio. Kufikia jioni ukuta ulikuwa unang'aa mpaka usawa wa kichwa chake.

Babu alishuka taratibu na mkongojo wake. Alisimama mlangoni, machozi yakimlengalenga. "Umefanya wewe haya?" aliuliza, akamkumbatia kwa mkono wake mzima.

Nazlin aliporudi alitabasamu. Kisha akagonga kigae cha chini kwa kidole, halafu cha juu. Cha juu kilitoa mlio wa debe tupu. Alimtuma Tazmin juu akanawe mikono, lakini Tazmin aliishia kwenye ngazi akasikiliza.

"Baba, itabidi vya juu vitoke," Nazlin alisema kwa upole. "Gundi haikuenea, na hapo ndipo chuma cha kushikia kitakapofungwa."

"Viache," babu alijibu. "Mtoto amefanya kwa mapenzi. Ukivibandua utamvunja moyo."

"Na vikipasuka ukiwa umeshika? Maji nayo yakipenya?"

"Nitashika polepole. Nimesema viache, Nazlin."

Tazmin aliinuka pale kwenye ngazi. Babu alikuwa radhi kuanguka, ili mradi yeye asilie. Alishuka, akapita katikati yao, akachukua patasi.

"Babu, nitavitoa mwenyewe," alisema kwa Kiswahili.

Kigae cha kwanza kilibanduka bila shida. Nyuma yake palikuwa na donge dogo kama kitumbua, na pembe zote zilikuwa tupu. Babu alikishika, akakigeuza.

"Kumbe ni donge hili tu ambalo lingenishikilia!" alisema, na wote watatu wakacheka, ingawa Tazmin alikuwa na machozi mashavuni.

Hakuna aliyemgombeza. Nazlin alikwangua gundi iliyobaki. Babu aliketi kwenye kiti, akawa anapangusa vigae kwa mkono wa kulia. Safari hii Tazmin alipaka gundi ukutani, akaichana, akakandamiza kila kigae. Kimoja kilipokaa upande alikitoa tena bila kuambiwa. Baadaye, gundi ilipokauka kabisa, waliziba mianya kati ya vigae, na Shamil akafunga chuma kwa skrubu ndefu zilizoingia hadi kwenye mbao za ndani ya ukuta. Alining'inia hapo kwa uzito wake wote. Hakikutikisika.

Asubuhi iliyofuata babu aliingia shawa na kufunga mlango mwenyewe. Wengine walisimama nje. Walisikia maji yakimwagika kwa muda mrefu, kisha yakanyamaza.

Mlango ukafunguka. Babu alitoka nywele zikichuruzika, akimtazama kila mmoja machoni. Alimwita Tazmin.

"Ulipovibandika haraka haraka ulikuwa unanipenda, nililiona hilo," alisema. "Ila mapenzi peke yake hayashiki kigae. Mimi nami nilikosea kutaka mama yako anyamaze. Ukimfanyia mtu kitu, mjukuu wangu, kifanye vizuri hata pale asipoona, ili akiegemee bila hofu. Na ukigundua umekosea, fanya kama ulivyofanya: bomoa, uanze upya."

Tazmin alimshika mkono ule uliopooza. Ulikuwa bado na joto la maji.