Beji ya Mkono wa Kushoto

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule pale Kawempe, Aciro alimtungia mama yake uzi sindanoni. Mama yake, Koplo Concy, alikuwa polisi, lakini silaha yake ilikuwa cherehani: alishona sare za wenzake kambini. Nyumbani kwao, beji ya bendera iliyokaa vibaya ilikuwa aibu kubwa kuliko sufuria isiyooshwa.

Basi skauti wa shule walipogawiwa beji za bendera kwa gwaride la Sikukuu ya Uhuru, Aciro alishona yake kwenye mkono wa kushoto. Wenzake wote thelathini na tisa walishona mkono wa kulia, kama alivyoagiza Mwalimu Okullo.

"Aciro, hiyo beji umeipeleka wapi?" mwalimu aliuliza kwenye mazoezi ya mwisho.

"Mahali pake, mwalimu."

Watoto waliguna. Mwalimu Okullo hakuzoea kujibiwa hivyo. "Ihamishe. Usipoihamisha, kesho hutembei na sisi."

Aciro alikuwa amechaguliwa kuongoza mstari wa mbele. Siku hiyo alikuwa akiingoja tangu darasa la tatu. Hata hivyo alisimama wima. "Siihamishi, mwalimu. Huko kulia korongo wa bendera yetu anatazama nyuma. Tutaonekana tunakimbia vita."

"Watoto thelathini na tisa wamekosea, wewe peke yako ndiye unajua?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Toka kwenye mstari."

Byron Odera, rafiki yake Mkenya, alimvuta shati. "Aciro, wacha hii maneno. Shona tu, kesho kutwa utoe."

"Sivai kosa hata siku moja," Aciro alisema, akatoka.

Lakini hakwenda nyumbani, ng'o! Juu ya meza ya mwalimu, pale uwanjani, palikuwa na bendera ndogo yenye kijiti. Aliichukua bila kuomba, akainyoosha mbele yake, akakimbia mbele ya wenzake wote, bega lake la kulia likiwaelekea. Kitambaa kilipepea nyuma ya kijiti.

"Korongo anatazama wapi?" aliwauliza akihema.

"Kwenye kijiti," Byron alijibu. Kisha akakunja uso. "Anatazama mbele. Anatazama kule unakoenda."

"Hata gari la mkubwa lenye bendera likipita, mlingoti hutangulia, kitambaa hufuata. Begani ni vilevile. Sasa tazameni mikono yenu."

Walitazama. Korongo wao wote walitazama nyuma. Mwalimu Okullo naye aligeuza shingo, akatazama beji ya mkono wa kulia wa shati lake. Alikuwa mtu mzima, na kukosea mbele ya watoto kulimuuma.

"Leteni nyembe," alisema hatimaye.

Alasiri nzima walifumua na kushona upya, Aciro akipita kukagua kila bega. Walipomaliza, mwalimu aliwasimamisha.

"Leo nilihesabu watu badala ya kutazama bendera," alisema. "Kosa likifanywa na wengi, halipungui, linaongezeka. Ukijua lililo sawa, simama nalo, hata kama anayekukataza ni mimi. Ila wewe Aciro, vitu vya mezani kwangu viombe kwanza."

"Ndiyo, mwalimu. Nisamehe kwa hilo," Aciro alisema. "Kwa hilo tu."

Kesho yake gwaride lilipita Kalerwe, na Aciro ndiye aliyeongoza mstari wa mbele.