Mshenga Asiyebisha Hodi

Siku ile mjinga alikuwa Mhandisi Elifuraha Gunda, na tuliseme mapema ili tusije tukaonekana tumemsingizia: mwenyewe alikiri, tena mbele ya diwani. Alikuwa na shahada mbili, koti la kitani na mashine inayoruka, na bado mjinga alikuwa yeye.

Mashine hiyo iliitwa Mshenga. Kila alfajiri iliruka kutoka paa la halmashauri ya Singida, bati jepesi lenye ukubwa wa ungo, ikazunguka mitaani kutafuta vijana wasio darasani wala kazini. Haikuhitaji kuuliza mtu. Shule na karakana zote za mji zilikuwa na mlango-mtambuzi, mlango unaojua nani kapita. Kijana ambaye msimu mzima hakuna mlango uliomwona, Mshenga ilimfuata alipo, ikashuka usawa wa uso wake na kumposea kiti. Ndivyo ilivyotaka Sera ya Kiti Wazi. Kila karakana ya umma iache nafasi kwa kijana aliyeachwa na msafara. Asubuhi afanye kazi, mchana asome, chakula na posho juu ya mji. Cheti hakidaiwi, wala huhitaji mjomba wa kukupigia simu.

Mwaka wa kwanza Gunda alipigiwa makofi mpaka akajiona ameota mabawa. Mwaka wa pili viti vikaanza kubaki vitupu. Kisha vijana saba wa kijiwe kimoja cha Misuna wakaacha viti vyao siku moja, kama walioitana kwa kengele. Mshenga ilipoulizwa sababu, ilijibu kwa sauti yake ya asali: "Uvivu."

Diwani Salimu Irunde alikuwa akilingoja neno hilo kama fisi anayemfuata mtu akitumaini mkono wake utadondoka. Yeye alitaka viti wapewe vijiendeshi, mashine za kazi zisizokula mchana wala kuomba ruhusa ya msiba.

"Leo jioni baraza linakaa," alimwambia Gunda. "Saa nane nitapita Uwanja wa Upepo, kule kwenye minara ya umeme ambako viti havijawahi kujaa. Nikikuta viti vina watu, nitanyamaza. Nikikuta vumbi, sera yako naizika, na matanga sikai."

Basi Gunda akafunga vifungo vya koti, akaishika Mshenga kwapani kama jogoo wa kuuza, akaenda Misuna kuwaleta hao saba yeye mwenyewe.

Aliwakuta kwenye banda lililokuwa gereji, enzi zile magari yalipokunywa petroli. Wanne walicheza drafti kwa vizibo vya soda. Msichana mmoja alikuwa amepakata mtoto huku akimwelekeza mwenzake kusuka.

"Oya, mshenga karudi!" alipaza sauti kijana mrefu waliyemwita Kobe, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. "Tandikeni mkeka! Bibi harusi kajificha wapi?"

"Aonyeshe mahari kwanza," akadakia mwingine bila kuinua macho kwenye drafti.

Gunda alikohoa. "Vijana wenzangu..."

"Wenzako?" Kobe alilitazama lile koti, upande kwa upande. "Tangu lini, mzee? Tungekuwekea kiti."

Kabla kicheko hakijatulia, Mshenga ilichomoka kwapani, ikaelea mbele ya msichana mwenye mtoto. "Siwema Ramadhani. Uliacha kiti cha mtambo wa maji. Sababu: uvivu. Je, uko tayari kuposwa upya?"

Kicheko kilikatika.

"Mhandisi," Siwema alisema taratibu, "kwenu mshenga akija, anaongea na nani?"

"Na wazee. Na familia ya binti."

"Hamfuati binti kisimani akamshika mkono, haya twende?"

"Aa, hapana. Huko ni kutorosha."

"Basi sisi ulitutorosha."

Gunda aliivuta Mshenga ikae nyuma yake.

"Hapa ndipo kwetu," Siwema aliendelea. "Mtoto huyu ana mikono saba ya kumpokea. Kobe anajua kusoma, anatusomea. Halafu huu ungo wako ukashuka asubuhi moja, ukatumwaga kama njugu: mimi kwenye maji kule Mwankoko, Kobe kwenye kuku, Zuberi kwenye karakana ya vioo mjini kati. Tulikwenda. Nani asiyetaka kazi? Zuberi, geuka."

Kijana mwembamba aliyekuwa akitabasamu muda wote aligeuza shavu. Kovu bichi lilishuka kutoka sikioni hadi kidevuni.

"Ana kifafa. Sisi tunamjua. Akianza kunyamaza na kusugua kidole gumba, tunamlaza ubavu na kuondoa vyenye ncha, tunakaa naye mpaka arudi. Kule kwenye vioo hakuna aliyemjua. Alipoanguka walikimbia, wakadhani wataambukizwa. Alianguka juu ya vioo, mhandisi. Habari zilipotufikia, kila mmoja aliacha alichoshika, tukaenda. Huo ndio uvivu wetu."

"Mbona hamkurudi?" Sauti ya Gunda ilikuwa imepungua.

"Turudi tupite wapi? Ungo wako ukishamwita mtu mvivu, mlango haumfungukii. Mimi nilisimama nje ya ule wa maji na mtoto mgongoni, nikauambia shida yangu. Mlango! Nikajiona kichaa."

Gunda alikaa kwenye debe la grisi bila kulitazama, koti likapata lilichostahili. Kosa alilijua, kwani ni yeye aliyeifundisha Mshenga sababu za mtu kuacha kazi. Aliifundisha ugonjwa wako mwenyewe na msiba wako mwenyewe. Yaliyobaki yote aliyatupa kwenye uvivu. Ugonjwa wa rafiki haukumjia akilini. Na jina la Mshenga alilichagua kwa mbwembwe, wajumbe wa baraza wakacheka kwa furaha. Jina akalichukua, kazi ya mwenye jina akaiacha mlangoni. Yeye, aliyezaliwa Iramba, ambaye mshenga wake mwenyewe alizungushwa kwa wakwe mpaka soli za viatu zikaisha!

"Mimi ni mjinga," alisema.

"Hilo tumeshalipokea," Kobe alijibu. "Lete jingine."

Gunda aliinuka. Akatoka mpaka barabarani, Mshenga ikimfuata kwa nyuma, akageuka kulielekea banda lisilo hata na mlango.

"Hodi hapa!"

Vijana walitazamana. Siwema alimweka mtoto sawa begani, akakaza uso kama mama mkwe.

"Karibu. Una shida gani?"

"Nimekuja kuposa. Nawataka wote saba, na mtoto wa nane. Wazee wa nyumba hii wanasemaje?"

Walimzungusha kidogo, maana posa isiyo na mzunguko haina heshima. Mwisho Siwema akataja masharti. Waende mahali pamoja. Zuberi asibaki peke yake, na kila atakayefanya naye kazi afundishwe kumlaza ubavu. Mtoto aende nao, na darasa la mchana liwe jirani na kazi. Gunda aliitikia kila sharti, akalirudia kwa Mshenga neno kwa neno mpaka mashine ikajifunza kwamba kuna watu wasioposwa mmojammoja. Kisha akawaongoza Uwanja wa Upepo, palipokuwa na viti saba mahali pamoja.

Uwanja wa Upepo uko nje kidogo ya mji, minara imesimama kama twiga waliokatazwa kula. Panga zinazozungushwa na upepo juu ya minara zikipata ufa, hupandishwa kenge: mtambo wa chuma wenye miguu sita, unaoupanda mnara ukiwa umeng'ang'ania kwa kucha za sumaku. Kenge haendeshwi na mtu mmoja. Kila mguu una mtu wake chini, amevaa glavu-amri, glavu inayouamrisha, na wa saba husikiliza mlio wa panga kwa ala ya masikioni. Kazi hii ilikuwa imewashinda wengi. Ukikusanya wageni sita, kila mmoja anataka mguu wake utangulie, kenge anadondoka kama papai.

Walipokwisha kuelekezwa, hawa wa Misuna hawakuambiana neno. Mmoja akivuta pumzi, mwenzake ameshajua. Kenge aliyumba, akateleza mara mbili, kisha akapanda. Zuberi alikaa kwenye godoro la mazoezi, masikio yamezibwa kwa ala, mtoto amelala pembeni yake.

"Kushoto, juu kidogo," alisema. "Hapo panalia vibaya."

Ufa ulikuwa hapo hapo. Fundi mkuu wa uwanja alivua kofia. "Hawa umewaokota wapi? Mbona hawagombani?"

Gunda alicheka, na ndani ya kicheko kile kulikuwa na pumzi aliyoizuia tangu mwaka wa pili uanze.

Saa nane kamili Diwani Irunde akashuka garini, akaona viti saba vina watu, na uso wake ukawa wa mtu aliyekuja msibani akakuta ngoma.

"Mheshimiwa," Gunda alisema kabla hajaulizwa, "mashine ilikosea kwa sababu mimi nilikosea. Hawakuwa wavivu. Mjinga nilikuwa mimi." Akamweleza yote.

Diwani alisikiliza, akalitazama lile kovu. Lakini diwani ni diwani.

"Hata hivyo, sera inasema kijana mmoja, kiti kimoja, mahali panapomfaa yeye. Kazi ni ya mtu binafsi! Leo mnakuja saba na mtoto, kesho mtaa mzima. Mtu mzima anasimama peke yake. Au sivyo, binti?"

Siwema hakuondoa macho kwa kenge, wala hakulegeza glavu.

"Mheshimiwa, wewe kwenye udiwani ulibebwa na chama kizima, na ngoma mbele. Sisi tumekuja saba tu."