Sanduku Moja la Watu Wawili

Jumamosi ile duka la michezo lilifurika hadi watu wakawa wanapishana kwa ubavu. Mikono miwili ikafika kwa pamoja kwenye sanduku moja la rafu ya juu. Mmoja ulikuwa na doa la grisi lililoishinda sabuni. Mwingine ulikuwa na kucha fupi, safi, na harufu ya spiriti.

"Samahani dada, nimelishika mimi kwanza."

"Umeligusa tu, kaka. Aliyelishika ni mimi."

Mwenye grisi alikuwa fundi wa lifti. Mwenye kucha safi alikuwa mfamasia: gauni la njano, miwani imepandishwa kichwani, na ulimi usiokubali kushindwa. Sanduku lilikuwa toleo la kifahari la mchezo wa karata walioupenda wote wawili, ule unaoanza na karata kumi za kinyonge, ukanunua nyingine mezani moja moja hadi ukajijengea fungu la kutisha. Nyumbani kila mmoja alikuwa na toleo la kawaida. Hili lilikuwa la mbao, karata nene, sarafu za chuma. Kisha wakaiona bei, na kila mmoja akarudisha mkono wake polepole.

"Unalichukua?" fundi akauliza.

"Nawaza. Wewe?"

"Nawaza pia."

Mwenye duka, mzee mwenye kofia ya sufu, alichoka kuwatazama. "Limebaki hilo tu. Nawawekea wiki tatu. Sasa kawazieni nje, mnaziba njia."

Wakawazia nje. Wakawazia kwenye simu. Wakawazia jikoni kwa mfamasia, wakicheza toleo lake lililochakaa pembe, dada yake mkubwa akiwa mwamuzi.

"Fundi, unanihurumia au hujui kucheza?"

"Nakuangalia wewe, karata sizioni."

"Dada, unamsikia? Anashindwa halafu ananisingizia!"

Kufikia wiki ya pili fundi alikuwa akipiga simu kila alipotoka kwenye shimo la lifti, hata kabla hajanawa. "Mpenzi, umekula?" "Nimekula. Nimekukumbuka, nifanyeje?" Mwishowe wakakubaliana wachangiane, sanduku liwe la wote wawili. Mfamasia alifurahi kuliko alivyoonyesha. Kwake hicho kilikuwa kitu chao cha kwanza.

Hapo ndipo fundi akaharibu. Mtu wa kazi yake hapandi kitu kabla ya kujua kitashikwa na nini kamba ikikatika. Basi akaandaa mkataba, akaupiga chapa, akaupeleka duka la dawa foleni ikiwa imefika mlangoni, huku anatabasamu. *Endapo tutaachana, sanduku litabaki kwa mmoja, na mwenzake atarudishiwa nusu yake.*

Mfamasia aliusoma mara mbili. Mteja wa dawa ya kikohozi akasahau kukohoa.

"Hata mwezi hatujamaliza, umeshapanga tutakavyoachana?"

"Si hivyo mpenzi, ni utaratibu tu..."

"Nenda kazini, Fundi. Nina wateja."

Siku tisa hakupokea simu yake. Alilia stoo, nyuma ya maboksi ya vitamini, akajifuta, akarudi kaunta.

"Mtu anayekupenda hawezi kuandika vile," alimwambia dada yake.

"Huyo hajui kubembeleza, lakini hajui kudanganya pia," dada akajibu. "Wangu aliniahidi mbingu, akaondoka na friji."

Mfamasia alicheka bila kutaka, na usiku huo alimkumbuka fundi zaidi.

Wiki ya tatu ilipoisha, mwenye duka aliwapigia wote wawili: kuna mteja mwingine, yuko hapa, ana pesa mkononi. Mfamasia alifika na koti lake jeupe, ameamua kusema liuzwe. Akamkuta fundi kaunta, ndani ya ovaroli, anahema.

"Nimekuja kulinunua," fundi akasema. "Liwe lako. Lote."

"Silitaki." Mfamasia akatikisa kichwa. "Nilitaka kitu chetu, siyo zawadi ya kuniombea msamaha."

Fundi akatazama viatu vyake. "Breki ya lifti siifungi kwa sababu natamani kamba ikatike. Naifunga kwa sababu namjali anayepanda. Nilidhani ndivyo mtu anavyopenda. Nilikosea, na siku tisa hizi zimenimaliza."

"Mimi nauza dawa zenye karatasi ya madhara kila siku," mfamasia akasema taratibu. "Lakini simsomei mgonjwa madhara kabla hata sijampa pole."

"Nilijiuliza swali baya." Fundi akainua uso. "Nilijiuliza tukiachana litakaa kwa nani. Nilitakiwa nikuulize wewe: tukioana, tutaliweka wapi?"

Hata mteja mwingine alishusha simu yake. Mfamasia aliteremsha miwani kutoka kichwani, akaivaa, akamtazama mwanamume huyo.

"Sebuleni," akasema. "Likikaa chumbani hutalala."

"Jamani," mwenye duka akaingilia, "kuna mtu anasubiri. Linauzwa au haliuzwi?"

"Tufungie, mzee," mfamasia akamjibu, machozi na kicheko vikigombania uso wake. "Huyu bwana ananioa."