Masikio ya Namba Kumi na Saba

Hili lilimpata rafiki yangu Velma mwaka wa tisini na saba, alipokuwa karani kwenye shamba la nguruwe la mzee Ongodia, huko Amukura. Kila nguruwe alikuwa anakatwa alama za namba yake sikioni, kisha Velma anaiingiza kwenye kompyuta. Namba ya aliyekufa hakupewa mwingine.

Mchana mmoja mawingu yalitanda, ofisi ikawa giza, ikabaki mwanga wa kompyuta tu. Hapo Velma akasoma: "Namba 17. Amezaa leo. Watoto tisa."

"Mzee, ni wewe umeandika hapa?"

"Mimi? Hiyo mashine hata kuiwasha sijui. Na Kumi na Saba si tulimzika Jumatatu?"

Kabla Velma hajajibu, stima ikapotea. Ndani ya lile giza wakasikia mguno wa taratibu, ule wa nguruwe anayeita watoto wanyonye. Ulitoka bandani, kwenye chumba cha Kumi na Saba, ambacho kilikuwa kitupu.

Mzee akachukua tochi. Velma akamfuata, ameshikilia koti lake kama mtoto.

Walipofika mlangoni mguno ukakatika. Kwenye nyasi kavu walilala watoto tisa, wangali na ute wa kuzaliwa, wamejipanga wakinyonya, na mbele yao hapakuwa na kitu. Velma akamwinua mmoja. Masikio yalikuwa yameshakatwa alama ya kumi na saba, na vidonda vyake vilikuwa vimepona kitambo.